Sharti la Tano: Hakuna Kukata

Tawa, Alhamisi jioni

Walimu wenzangu huko Kitui,

Leo nimevuliwa nguo kanisani, mbele ya akina mama, mchungaji na wageni kutoka Nairobi. Mutua, wewe mwenye sauti kubwa, wasomee wenzako barua hii saa ya chai. Lakini funga mlango kwanza. Wanafunzi wasisikie.

Nitaeleza polepole, kama tulivyokuwa tukiwafundisha wazee wa ngumbaru kuandika majina yao. Sitaki mtu acheke mahali pasipofaa. Pa kuchekea pako mbele, mtapaona wenyewe.

Mnajua niliacha kufundisha nikafungua studio ya picha hapa Tawa. Mwaka jana nikanunua kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani, ya mtumba lakini nzima. Tangu siku hiyo mimi si mpiga picha tena. Mimi ni mtayarishaji wa filamu. (Ndivyo kadi zangu zinavyosema. Nilizichapisha kabla sijapata kazi hata moja.)

Nikapiga harusi mbili na mazishi matano. Halafu ikaja kazi yenyewe.

Kikundi cha Wendo ni akina mama wa huku vilima vya Mbooni wanaofanya mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana. Walikuwa wanajenga ukuta wa mawe na simiti katikati ya mto mkavu. Mvua ikinyesha, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga miezi na miezi. Unachimba kwa mkono tu, unakunywa. Mimi nimezaliwa hapa na bado nikiona maji yale yakichuruzika kutoka kwenye mchanga huwa navua kofia.

Ukuta wa kwanza ulikuwa karibu kwisha. Walitaka simiti ya ukuta wa pili, na walitaka ifike kabla ya mvua za Novemba. Ofisi moja ya maji huko Nairobi ilisema itawatuma watu waje kutazama. Mwenyekiti wao, Mama Ndunge, akasema: wakija watakuta ukuta umekwisha, hawatajua ni nani aliyeubeba. Basi tupigwe filamu, waone tukifanya kazi.

Wakaja kwangu. Nami, kwa kuwa ni mtayarishaji wa filamu, nikasema kazi haianzi bila mkataba.

Huenda mmoja wenu siku moja akaingia kazi hii, kwa hiyo acheni niwaeleze mkataba wa filamu ni nini. Msiogope, ni jambo rahisi. Mtayarishaji ana kamera, mteja ana habari yake, na kila mmoja anamwogopa mwenzake. Mtayarishaji anaogopa kwamba mteja atabadilisha mawazo kila Jumatatu. Mteja anaogopa kwamba mtayarishaji atamfanya aonekane mjinga. Mkataba unaandika hofu za wote wawili kwa lugha ya heshima. Basi.

Niliuandika mwenyewe, kurasa kadhaa, kwa mashine ya chapa ya mchungaji. Nikaenda kuwasomea kwenye baraza la kanisa, mchungaji akiwepo. Akina mama wakakaa chini, kila mmoja na kiondo chake akifuma, na mkonge ukipita vidoleni bila wao kuutazama. Nikasoma sharti moja, nikalieleza kwa Kiswahili, nikalieleza tena kwa Kikamba, nikaingia la pili. (La pili ni la malipo. Halituhusu hapa.)

La tatu: wakati wa kupiga, mteja asiseme na mtayarishaji wala asitazame kamera. Nikawaonyesha taa ndogo nyekundu iliyo mbele ya kamera. "Ikiwaka, kazi inaendelea. Ikizimika, hakuna kitu."

La nne: siku ya kukabidhi, mtayarishaji ataleta kanda zote, hata zile mbichi ambazo hazijatengenezwa.

La tano lilitoka kwa Mama Ndunge mwenyewe. Aliuliza bila kuinua macho, "Mwalimu, zamani alikuja mtu akatupiga picha tukichimba makinga maji. Picha ilipotoka, alibaki chifu peke yake. Sisi tulienda wapi?"

"Mlikatwa, mwaitu." (Ndivyo tunavyowaita huku akina mama wa rika lake: mwaitu, mama yangu.)

"Basi andika tusikatwe."

Nikaandika pale pale, kwa moyo mkunjufu: kazi yoyote ya mteja iliyopigwa haitakatwa bila ruhusa ya mteja. Nilijiona mtu mwema sana. La sita: mteja atatazama filamu kwanza kabla ya mtu mwingine. La saba: asipoikubali, irudiwe kwa gharama ya mtayarishaji. Wakatia vidole gumba. Katibu wao, Syombua, ndiye pekee aliyetia sahihi, yenye mkia mrefu kuliko yangu.

Sasa tuje kwenye kupiga.

Siku ya kwanza, ya kuchota mchanga na maji, ilikwenda vizuri. Siku ya pili, saa saba mchana, chakula kikaletwa: muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, bado moto. Nikaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, nikabonyeza kitufe kuizima, nikakaa mbele yake na mchungaji tukala. Nikawaita akina mama. Wakasema hawawezi kuja, simiti imeshachanganywa na haingoji mtu. Nikawapa pole kwa mbali.

Nikiwa pale nilimwambia mchungaji maneno fulani. Tutayafikia.

Baada ya kula nikasimama, nikabonyeza kitufe, nikaita, "Akina mama! Sasa bebeni mawe kwa ajili ya filamu! Kwa furaha!" Wakabeba. Wakatazamana kidogo, lakini wakabeba. Walibeba mawe yale yale hadi saa kumi.

Kitufe cha kamera ile ni kimoja. Ukikibonyeza inaanza, ukikibonyeza tena inasimama. Hata mtoto anaweza. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimekibonyeza mara moja zaidi.

Nilijua nilipofika nyumbani nikatia kanda kwenye deki. Nikajiona nikila. Nikajiona nikiongeza. Halafu miguu yangu, mawingu, miguu yangu tena. Mawe ya alasiri, hata moja halimo! Kila nilipodhani napiga, ilikuwa imelala. Kila nilipodhani imelala, ilikuwa macho. Nilikaa hadi chai ikapoa.

Kurudia haikuwezekana. Wiki hiyo hiyo ukuta ulikwisha, na huwezi kumwambia mtu abomoe ukuta ili aujenge vizuri zaidi. Basi nikafanya nililoweza. Nikachukua picha za siku ya kwanza, nikakata zile za chakula, na mahali pa mawe nikajiweka mimi, nimesimama kando ya ukuta na fimbo, nikieleza. Nieleze nini zaidi, ninyi mnanijua? Dakika kumi na mbili. Niliona ni maelezo mazuri sana.

Hiyo ndiyo filamu niliyoipeleka leo.

Saa tatu asubuhi tulikuwa kanisani. Televisheni yangu juu ya meza ya mbele, jenereta ya kinu cha posho ikinguruma nje, akina mama kwenye mabenchi na viondo vyao. Wageni walitarajiwa saa sita. Kwa hiyo, kama sharti la sita linavyosema, mteja kwanza.

Filamu ikaisha. Mtu mmoja akakohoa.

Syombua akainua mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, hii ni filamu ya ukuta ama ni ya shati lako?"

Wakacheka kidogo.

"Shati nimeliona. Kola nimeiona, hata kifungo cha pili ambacho hakipo. Mawe ndiyo sijayaona."

"Syombua, polepole," akasema Mama Ndunge. "Mwalimu, mwanangu. Mawe yetu yako wapi?"

"Picha za alasiri ziliharibika, mwaitu. Ni mambo ya mitambo."

"Na za saa ya chakula?"

"Saa ya chakula kamera ilikuwa imelala."

"Ililala jicho likiwa wazi?"

Akaendelea, bila ukali wowote, na hilo ndilo baya. "Taa nyekundu iliwaka ulipokuwa unakula. Tuliiona sote. Ulipokuja kutuita tubebe kwa furaha, ikazimika."

"Mwaitu! Kama mliona, mbona hamkuniambia?"

"Sharti la tatu!" Syombua akaruka. "Mteja asiseme na mtayarishaji wakati wa kupiga!"

"Lakini taa ilikuwa imezimika! Haukuwa wakati wa kupiga!"

"Hilo ndilo tulilobishana mchana kutwa tukiwa na mawe kichwani. Wengine walisema ni wakati wa kupiga kwa sababu wewe unapiga. Wengine walisema si wakati wa kupiga kwa sababu kamera haipigi. Tukaona heri tutii mkataba."

(Hapa ndipo pa kwanza pa kucheka. Chekeni, halafu mnyamaze.)

Nikasema sawa, lakini picha za saa ya chakula hazikuwa na maana. Mama Ndunge akatikisa kichwa. "Sharti la tano, Mwalimu. Kazi ya mteja isikatwe bila ruhusa. Sisi saa hiyo tulikuwa kazini. Wewe ndiye uliyekuwa umekaa."

Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa karatasi zangu, nikiwa na hakika nitapata pa kutokea. Yeye akainuka akaja mbele na kiondo. Hakikuwa na kitu ndani. Akakigeuza kitako juu, akaweka kidole chini kabisa, ambapo ufumaji huanzia.

"Soma," akaniambia. "Na mimi nisome."

Wenzangu, sikilizeni jambo hili. Mama yule hajui kusoma. Siku ile ya baraza, nilipokuwa nikieleza na kurudia, alikuwa akifuma kila sharti mshipi wake. Sharti la kwanza, la kuonyesha kazi ya kikundi, mshipi wa rangi ya udongo. La malipo, kijani. La tatu, mwekundu, kwa ajili ya taa. La kanda mbichi, mkonge mtupu usiotiwa rangi, kwa sababu ni mbichi! La tano, mweusi, usiokatika, umezunguka kiondo chote bila fundo. Kidole chake kikipanda kiondo na changu kikishuka karatasi, alisema masharti yangu neno kwa neno, pamoja na pale nilipokohoa. Nimefundisha watu wazima kusoma miaka kumi na mmoja. Sijawahi kuona mtu akisoma hivyo. Nilisahau kwamba nilikuwa mshtakiwa, nikawa natazama tu.

Tulipofika la saba, yeye akafika ukingoni. Mimi nikabaki na sharti moja.

"La nane!" nikasema kwa furaha. "Mtayarishaji anaweza kutoa picha zilizopigwa kwa kosa la mitambo."

"Hilo halimo," akasema.

"Limo hapa, mwaitu. Limechapwa."

"Limechapwa, lakini hukulisoma. Ulilamba kidole, ukageuza karatasi mbili pamoja, ukasema, 'Basi, tutie vidole.' Nilikuwa nimebakiza mkonge kidogo, nikafungia hapo."

Nikamtazama mchungaji aniokoe. Mchungaji akatazama paa. "Ni kweli Mwalimu alilamba kidole," akasema.

Nifanye nini? Jambo ambalo hukumsomea mtu, huwezi kumfunga nalo. Nimewafundisha watu hilo mimi mwenyewe. Nikaikunja karatasi. "Mwaitu, umeshinda. Lakini picha zile si nzuri."

"Kanda mbichi unazo? Sharti la nne."

Nilikuwa nazo kwenye mfuko. Mtu mwaminifu ana taabu sana.

Nikainama kuitia ile kanda kwenye deki, na wakati huo huo nikasikia gari nje. Saa nne na nusu! Wageni wa saa sita! Akaingia mhandisi wa maji, dada mwenye miwani na viatu vyenye vumbi la kweli, na nyuma yake wanaume wawili wenye mafaili.

Nikanong'ona, "Mwaitu, sharti la sita. Mteja atazame kwanza, peke yake."

"Sharti hilo ni langu," akanong'ona naye. "Leo naliweka kando. Wageni hawasimamishwi mlangoni."

Wakapewa benchi la mbele. Nikabonyeza kitufe. (Safari hii mara moja tu.)

Uso wangu ukajaa kwenye kioo. Shavu moja limevimba kwa muthokoi. Nyuma yangu, mbali kidogo, akina mama walikuwa wamejipanga mstari kutoka ukingo wa mto hadi ukutani, mawe yakipita mkono kwa mkono. Kisha ikasikika sauti yangu, karibu kabisa, safi kama ya redioni:

"Mchungaji, hawa akina mama kwa mawe ni hodari. Lakini mkataba? Niliwasomea sharti baada ya sharti, wao wanafuma tu. Ukiwauliza leo, hata moja hawakumbuki."

Na sauti ya mchungaji: "Kula, Mwalimu, kula."

Wenzangu, kanisa lile lina mabati mengi, na niliomba yote yaniangukie. Hakuna aliyecheka, na ningefurahi kama wangecheka. Mama Ndunge alikuwa bado ameshika kiondo mapajani, kidole kwenye mshipi mwekundu. Mimi, niliyejiita mwalimu wao, nilikuwa nimesema hivyo mdomo ukiwa umejaa chakula chao.

Mhandisi akainuka. "Simamisha. Rudisha nyuma."

Nikajua kumekwisha. Simiti imekwenda, na mimi ndiye niliyeizuia. Nikarudisha.

"Hata moja hawakumbuki," ikasema televisheni. "Kula, Mwalimu, kula."

Mhandisi akasogea hadi pua ikakaribia kioo. Akaweka kidole. "Hapo, nyuma ya sikio la huyu bwana. Lile jiwe kubwa wameliweka moja kwa moja juu ya mwamba?"

"Tulisugua mwamba kwanza," akajibu Mama Ndunge. "Kwa brashi na maji. Simiti haishiki vumbi."

"Na nafasi katikati mlijaza nini? Rudisha, bwana."

Nikarudisha. Nikala kinyumenyume, nikala tena kwenda mbele. "Wao wanafuma tu..."

"Rudisha kidogo. Nataka kuona kona."

Mara ya tatu, sauti yangu ilipofika mahali pake, benchi la nyuma likaimba pamoja nayo: "Hata moja hawakumbuki!" Na kanisa zima, kama kiitikio: "Kula, Mwalimu, kula!" Mara ya nne hata dereva wa wageni, aliyeingia tu kuomba maji, alijua maneno. Mchungaji alikuwa amejifunika uso kwa Biblia, mabega yakitikisika.

Mwishowe mhandisi akavua miwani, akaifuta. "Nimeonyeshwa filamu nyingi za watu wakijenga," akasema. "Wote hutazama kamera na kutabasamu. Hii ni mara ya kwanza kuona watu wasiojua kwamba wanapigwa picha."

"Tulijua," Syombua akasema. "Taa ilikuwa inawaka."

"Mbona basi hamkutazama?"

"Simiti ilikuwa inakauka." Akafikiri kidogo. "Na sharti la tatu."

Mhandisi alicheka mpaka akakaa. Kisha akasema, akiwatazama wao na si mimi, kwamba simiti ya ukuta wa pili itafika kabla ya mvua. Akina mama wakapiga vigelegele hadi jenereta ikamezwa. Nami nikapiga makofi kama mwendawazimu, nikasahau shavu langu lililokuwa bado limesimamishwa kwenye kioo.

Lakini akaongeza jambo. Anaiomba kanda ile mbichi, wenye kazi wakikubali, aionyeshe vikundi vingine, Makueni na Kitui.

Kitui, wenzangu. Huko kwenu.

Nikamgeukia Mama Ndunge. "Mwaitu, nakuomba msamaha kwa maneno yale. Si wewe tu, nyote. Na nakuomba ruhusa ya kukata. Sauti tu. Kidogo tu."

Wakakusanyika pembeni wakashauriana kwa Kikamba, kwa sauti ndogo, kwa muda mrefu, na nikasikia kicheko ambacho hakikuwa cha kamati. Kisha mwenyekiti akarudi na uso wa hakimu.

"Kikundi kimeamua. Sahani ya tatu tunakuruhusu uikate, kwa sababu wakati huo umesimama ukatuziba, kazi ya mteja haionekani. Maneno yabaki."

"Yabaki, mwaitu?"

"Yabaki. Mwingine anayetusomea na kudhani tunafuma tu, ayasikie." Halafu akanishika bega. "Na filamu ya ukuta wa pili utapiga wewe. Nimeshakata mkonge. Njoo na mkataba mpya, ila usilambe kidole."

Ndivyo nilivyopata mkataba wa pili, wenzangu, siku niliyostahili kunyang'anywa wa kwanza. Kwa hiyo mkivunjika moyo katika kazi yoyote, msikate tamaa, na mgeuze karatasi moja moja.

Aliyevuliwa nguo huchutama, nami nimechutama hapa Tawa, nikiandika masharti mapya kwa maneno machache. Filamu ile ikifika kwenu, tafadhali msicheke, na msiwaambie watu kwamba mnanijua. Mkiona mtu anakula, tazameni nyuma ya sikio lake. Kazi iko huko.

Wenu,
Kyalo